Mchimba Dhahabu Arejee Chuoni

Amma baad. Mtu wa pwani aendaye Shinyanga au Geita kuchimba dhahabu alitoka chuoni ni mtoto, amekhitimu Kurani, wala hakujua kazi atakayoishika ukubwani. Mlango wa zaka ya madini alipitishwa mbio, kwani pwani nani alikuwa na mgodi? Sasa asema: nitangoja mwaka utimie, tena nitoe kwanza ujira wa karasha. Yote mawili ni makosa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, dhahabu ya mgodini haingoji mwaka: ikisafishwa ikafika mithkali 20, kadiri ya gramu 85, yapasa kutolewa robo ya ushuri, yaani 2.5 katika 100, na gharama ya kuisafisha ni juu yake mwenyewe. Aliyoyaacha nyuma ni deni shingoni mwake.

Lakini aona haya kukaa mkekani, naye ana ndevu! Abubakar al-Qaffal alikuwa fundi wa makufuli, amekwisha kutimiza miaka 30 ndipo akaanza kutafuta elimu. Akafa mwaka 417 wa Hijra naye ni imamu wa Mashafi wa Khurasani, na jina la Qaffal, mfanya makufuli, hakulitupa.

Basi na aende usiku huu, baada ya Isha, kwa mwalimu wa msikiti ulio karibu na mashimo, achukue na mizani yake.