Somo Walilopewa Watu wa Usangu

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ruaha Mkuu ulijulikana kama mto usiokatika. Unakusanya vijito vya milima ya Uporoto na Kipengere, unashuka kwenye tambarare za Usangu wilayani Mbarali, unatuama katika ardhioevu ya Ihefu, kisha unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kuelekea mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kuanzia 1993 kipande cha hifadhini kikaanza kukauka kila kiangazi. Mwanzoni zilikuwa wiki chache, baadaye ikawa miezi. Viboko husongamana kwenye madimbwi yaliyosalia, kinyesi chao kinajaa katika maji yasiyotembea, hewa ndani ya maji inakwisha na samaki wanakufa.

Taarifa za mkasa huu zilipofika mijini, zilifika pamoja na mgawo wa umeme, na kila mtu akataka kujua nani kaukausha mto. Jibu lilipatikana upesi: wafugaji. Ng'ombe wa Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig walikuwa wengi Usangu, walionekana kwa macho, na wenyewe walihesabika kuwa wageni. Jibu hilo likasemwa mikutanoni na magazetini mpaka likawa elimu kwa umma. Mwaka 2001 Frederick Sumaye, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu, mifugo ikaswagwa hadi Lindi na Pwani, mingi ikafia njiani, na familia zikasambaratika. Mwaka 2008 sehemu ya Usangu ikaingizwa ndani ya hifadhi. Ilipofika 2010, kiangazi kikaja kama kawaida na mto ukakatika kama kawaida.

Sisemi kwamba ng'ombe hawana madhara. Makundi makubwa hukanyaga kingo na kumaliza majani ya ardhioevu. Lakini tuhesabu maji yenyewe, maana ndiyo yaliyokosekana. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 50 hivi kwa siku. Hekta moja ya mpunga ikipewa lita 1 kwa sekunde, kiasi cha kawaida kwa kilimo hicho, inapokea lita 86,400 kwa siku, yaani kinywaji cha ng'ombe zaidi ya 1,700. Hata tukikubali kwamba sehemu ya maji hayo hurudi mtoni, bado mtoto wa darasa la sita angeweza kuifanya hesabu hii na kuuliza swali ambalo watu wazima hawakuuliza.

Angeuliza pia kuhusu Ng'iriama. Hapo ndipo maji ya Ihefu yanapotokea kuelekea mto wa chini, na chini yake kuna kizingiti cha mwamba. Ihefu ni kama sinia pana lenye ukingo: maji yakizidi ukingo, mto wa chini upo; yakishuka chini yake, yanabaki pale pale yakikaushwa na jua, na mto umekatika ingawa ndani ya Ihefu bado kuna maji. Kwa hiyo mafuriko ya Machi, hata yawe makubwa namna gani, hayauokoi mto wa Oktoba. Kinachouokoa ni yale maji machache yanayoshuka kutoka milimani wakati wa kiangazi, na hayo ndiyo yanayogombewa. Mkulima anayeatika mpunga mapema na kuchavanga majaruba yake kabla ya mvua huvuna mapema na kuuza kwa bei nzuri. Mifereji nayo huachwa wazi kiangazi chote kwa sababu wanavijiji wanaitegemea kwa kunywa, kufua na kufyatua matofali, na maji mengi hupotelea njiani kabla ya kufika kwenye ndoo ya mtu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo funzo lilipo. Mabanio ya zamani, yaani vizuizi vya kuchepusha maji ya mto kwenda mferejini, yalijengwa kwa mawe, magogo na nyasi. Yalivuja, na mafuriko yakija yalisombwa. Wataalamu waliyaona kuwa ni upotevu, na miradi ikajenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Yale yaliyovuja yalikuwa yakimwachia jirani wa chini sehemu yake. La zege, likifungwa vizuri kuelekea mferejini, linaweza kuchukua karibu mto wote wa kiangazi. Kisha, katika miaka ya 1990, yakaja mageuzi ya haki za maji: kikundi kinasajiliwa, kinapewa kiwango chake cha lita kwa sekunde, kinalipa ada. Waliobuni ada walitumaini kwamba mtu akilipia maji atajifunza kuyabania. Watafiti waliofuatilia jambo hilo Usangu waliona wakulima wakijifunza kinyume chake. Aliyelipa alijiona ameyanunua. Alikuwa na karatasi mkononi, na karatasi ile haikutofautisha vya kutosha mto wa Aprili na mto wa Oktoba. Wakulima hawa hawakukosa elimu, kwani banio la zege na stakabadhi ya ada viliwafundisha kila siku kuliko semina yoyote.

Lakini Usangu hiyo hiyo ilipata pia mafundisho bora kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, akifanya kazi pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliwaletea wakulima mchezo wa bonde la mto. Ni ubao mkubwa wa mbao ulioinamishwa, umechongwa mto katikati na mifereji inayochepuka kwenda mashambani. Maji ni gololi. Kila mchezaji ana vijiti vyake vya kuwekea banio. Gololi zinamiminwa juu, zinabingirika, na aliye juu anatega kijiti chake anavyoweza. Aliye mkiani anangoja. Gololi zikiwa chache, kama maji ya kiangazi, anaweza kungoja bure, na kila aliyesimama kuzunguka ubao anaona ni vijiti vya nani vimezizuia. Baada ya hapo watu wanakaa kujadili: zamu za umwagiliaji, tarehe ya kuatika, mfereji gani ufungwe lini. Ubao hauna mwalimu wa kumwambia mtu kwamba yeye ni mharibifu. Mkulima wa juu anajiona mwenyewe, mbele ya jirani yake wa chini.

Naumia ninapolinganisha ubao ule na elimu tunayotoa leo kando ya mito mingi nchini. Tunachimbia mabango ya kukataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, tunapanda miti mbele ya kamera, tunamkemea bibi mwenye bustani ya mchicha bondeni. Kulinda kingo ni lazima, nami nayaunga mkono mabango hayo. Ila bango la mita 60 halioni banio, wala halioni mfereji unaobeba maji hadi kilomita nyingi nje ya mstari wake. Mtoto wa Mbarali anaweza kumaliza shule akijua kwamba ukataji miti hukausha mito, huku hajawahi kupelekwa Novemba kwenye banio la kijiji chake kutazama maji yanakwenda wapi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji. Humo ndimo mkulima wa juu na wa chini wanapaswa kukutana, na fedha za uelimishaji zingeanzia humo: kipimo cha maji kikibandikwa wazi kwenye banio, namba zake zikisomwa mbele ya wanachama, kisima kikichimbwa kijijini ili mfereji ufungwe kiangazi bila mtu kulala na kiu, na ratiba ya kuatika ikikubaliwa kabla ya Septemba. Mjumbe wa kijiji cha mwisho asiachwe nje ya kikao hicho, na siku ya kufunga mabanio ya juu awepo kuhakikisha yamefungwa.