WAZO LA LEO: Dereva wa Wrocław

Mwaka 1980 Władysław Frasyniuk alikuwa dereva katika shirika la mabasi la mji wa Wrocław, Polandi. Wafanyakazi wa Gdańsk walipogoma Agosti ile, mabasi ya Wrocław nayo yakasimama, naye Frasyniuk akawa sauti ya wenzake katika chama cha wafanyakazi cha Solidarność. Utawala wa kijeshi ulipotangazwa Desemba 1981 alijificha, akaongoza harakati kwa siri. Oktoba 1982 alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 6. Aliachiwa kwa msamaha 1984; mwaka uliofuata akarudishwa gerezani. Mwaka 1989 aliketi meza moja na watawala kujadili mageuzi.

Baadaye akawa mbunge na mmiliki wa kampuni ya usafirishaji. Angeweza kutulia na mali yake. Lakini mwaka 2017, akiwa amevuka miaka 60, aliketi tena barabarani Warsaw kutetea haki ya kuandamana, hadi polisi wakamwondoa.

Uhuru ni shamba: lisipopaliliwa, magugu hurudi. Je, riziki ikishapatikana, bado tunashika jembe?