Usafi wa Chupani

Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria alibashiri kwamba seli moja ya mmea yaweza kuzaa mmea kamili. Leo migomba huzaliwa maabara: kipande kidogo cha moyo wa chipukizi husafishwa kwa dawa, kikawekwa chupani juu ya chakula chenye sukari na madini, kikatoa miche mingi iliyo sawa na mama yake. Ulaya hukuza hivyo hata mimea ya kupamba matangi ya samaki, isije na konokono wala mwani. Kwa mkulima wa Kiberege, mche huo hauleti fukusi wala minyoo, kama liwezavyo kuleta chipukizi la kuombwa kwa jirani.

Je, mche safi ndio mche imara? La. Ukitolewa chupani ukatiwa juani siku hiyo hiyo, hunyauka, kwani jani lake halijajenga nta ya kutosha kuzuia maji yasipotee. Hulelewa kivulini kwa majuma kadhaa, jua likiongezwa kidogo kidogo. Hata hivyo, ukipandwa penye udongo wenye ugonjwa waweza kuugua.

Mwalimu hawezi kuyatazama hayo asiwafikirie watoto. Mzazi amfungiaye mwanawe mbali na kila uovu humpa usafi, hampi wema. Wema ni wa aliyekutana na jaribu akalikataa. Lakini hoja hiyo isiwe kisingizio cha kumtupa mtoto juani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu: hilo ni onyo kwa mzazi, si ruhusa. Na sisi wazee tunaodai miche safi tuna deni jingine: kuutibu udongo.