Ajali ya Barabarani: Je, Kadari Huondoa Deni?

Ndugu msomaji, aliyepata kusafiri katika kisiwa cha Pemba anajua jinsi barabara zake zinavyopanda na kushuka vilima, na jinsi watu wanavyoishi karibu nazo. Wanafunzi huenda shule kwa miguu pembezoni mwa lami. Wazee hukaa barazani hatua chache tu kutoka njiani. Msimu wa karafuu ukifika, majamvi hutandikwa kando ya barabara ili karafuu zipate jua. Na katika njia hizo hizo hupita magari ya abiria yaendayo Wete, Konde, Chake Chake na Mkoani, pamoja na malori, pikipiki na baiskeli. Basi si ajabu kwamba ajali hutokea. Balaa hili si la Pemba peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Hata hivyo, leo hatukusudii kueleza sababu za ajali. Twataka kulitazama swali linalokuja baadaye, majeruhi akishalazwa na watu wakishatawanyika: Je, mtu aliyeumizwa bila ya kukusudiwa ana haki ya kudai fidia? Na kama anayo, ni nani awezaye kuisamehe haki hiyo?

Tuchukue mfano. Tuseme yuko bibi mmoja katika kijiji cha pwani, kazi yake ni kulima mwani. Siku moja anatembea pembezoni mwa barabara kwenda kumtazama ndugu yake mgonjwa. Gari la abiria linataka kulipita jingine penye kona, linatoka njiani na kumgonga. Mguu wake unavunjika mara mbili. Anapelekwa Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, na anarudi baada ya wiki kadhaa akiwa na chuma mguuni na mkongojo mkononi. Kazi ya mwani ni kuinama na kusimama majini saa nyingi, hawezi tena. Binti yake, ambaye angali shuleni, anaanza kwenda mwanini badala yake.

Ndipo wazee wanapokuja. Yuko mjomba wa dereva, yuko mwenye gari, na wamechukua mchele, sukari na fedha kidogo za nauli ya hospitali. Wanasema kwa upole kwamba ajali haina kinga, kwamba Mungu ndiye aliyepanga, na kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kaka wa mumewe anajibu barazani: "Sisi ni ndugu, tumeshasamehe." Inasomwa Fatiha, inanywewa chai, na inaandikwa karatasi kwamba hakuna tena madai. Yule bibi yuko nyuma ya pazia, anasikia yote. Hakuna aliyemwuliza neno.

Hapana shaka, ndugu msomaji, kwamba wazee hawa wamekuja kwa nia ya suluhu, na suluhu ni jambo jema. Katika kisiwa ambamo watu huoana na kuzikana, kesi ya miaka mingi yaweza kukata udugu wa vizazi viwili. Hatuwalaumu kwa kuja. Lakini yatupasa tuyapime maneno yao moja moja.

Neno la kwanza ni lile la kadari. Ni kweli kwamba hakuna linalotokea nje ya elimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini kadari haikuwekwa iwe pazia la kujificha nyuma yake mwenye wajibu. Imepokewa kwamba Hadhrat Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham na kusikia kuwa huko kuna tauni, aliamua kurudi. Hadhrat Abu Ubaida (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, na akatoa mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, moja la majani na moja kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kwa hoja hiyo hiyo twaweza kusema: ikiwa mguu umevunjika kwa kadari, basi na fidia ikilipwa inalipwa kwa kadari. Mbona twaikumbuka kadari katika kuumia kwa mnyonge, na twaisahau katika kulipa kwa mwenye gari?

Watu wa Pemba wenyewe wana ushahidi wa jambo hili. Mchumaji wa karafuu akianguka mtini na kuvunjika, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) limekuwa na utaratibu wa kuwapa fidia wachumaji walioanguka. Hatujasikia mtu akimwambia mchumaji kwamba kuipokea ni kupingana na Mungu. Na mkarafuu haukumkosea mtu yeyote! Ikiwa aliyeangushwa na mti hupewa, vipi aliyeangushwa na gari lililokuwa mikononi mwa mwanadamu mwenye akili aambiwe anyamaze?

Sasa tuje kwenye asili ya jambo. Kurani Tukufu, katika sura ya nne, An-Nisaa, imeeleza hukumu ya mwenye kuua kwa bahati mbaya. Tazama, ndugu msomaji, jinsi hukumu hiyo ilivyo na sehemu mbili. Sehemu moja ni baina ya muuaji na Mola wake: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Sehemu ya pili ni baina yake na watu: diya ipelekwe kwa jamaa za marehemu. Hapa hapana nia mbaya, na mauti yako mikononi mwa Mungu. Hata hivyo diya haikuondolewa. Kukosa nia kumempunguzia mtu adhabu, lakini hakukumfutia deni. Na kwa majeraha, sunna imepima kiungo kwa kiungo: diya ya nafsi ni ngamia 100, ya mguu mmoja ni 50, ya kidole kimoja ni 10. Sheria iliyohesabu hata kidole haiwezi kusemwa kuwa haikujali mguu.

Basi kosa na deni ni vitu viwili. Dereva aweza kuwa mtu mwema, mwenye kulia usiku kwa yaliyotokea. Tumpe mkono, tumwombee, tusimwite mwuaji. Lakini machozi yake hayalimi mwani. Zile siku ambazo bibi yule angekuwa baharini akitafuta riziki zimepotea kwa sababu ya tendo la mtu mwingine, na ni haki mzigo huo usiachwe juu ya kichwa chake peke yake. Kwake yeye, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, nayo haijagangwa.

Huenda msomaji atasema: "Je, Mwenyezi Mungu hakusifu msamaha?" Amesifu, tena sana. Katika aya hiyo hiyo ya diya jamaa wameruhusiwa kusamehe, na katika sura ya tano, panapotajwa majeraha, imeelezwa kwamba msamaha huwa kafara kwa mwenye kusamehe. Lakini angalia neno lililotumika mahali pote pawili: msamaha huo umeitwa sadaka. Nasi sote twajua masharti ya sadaka. Mtu hutoa sadaka katika mali yake, wala hatoi katika mali ya jirani. Hutoa akijua anachokitoa, na hutoa kwa hiari. Kilichochukuliwa kwa haya, mbele ya wageni wenye vilemba, hakiwi sadaka kwa kuitwa sadaka.

Kwa hiyo kaka wa mume aliyesema "tumesamehe" ametoa sadaka ya mguu usio wake. Mwenye mguu hakuambiwa anadai nini, hakuulizwa kama yuko radhi, wala hakupewa muda wa kujua kama atatembea tena. Akisamehe yeye mwenyewe, akijua haki yake yote, huo ni utukufu ambao malipo yake yako kwa Mola wake. Akisamehewa na wengine kwa niaba yake, huko ni kudhulumiwa mara mbili: mara ya kwanza na gari, na mara ya pili na baraza.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalifikiri. Sheria humlazimisha mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine, ile ambayo wengi huiita bima ndogo. Uingereza ililazimisha bima ya namna hii kwa sheria ya mwaka 1930, na nchi zetu nazo zikafuata njia hiyo. Zanzibar ina Shirika lake la Bima tangu mwaka 1969. Maana yake ni kwamba fedha za kumfidia majeruhi hazikukusudiwa zitoke katika kibuyu cha dereva peke yake. Sasa baraza likimshawishi bibi yule aache madai ili "asimfilisi kijana wa watu", mara nyingi halimwokoi kijana. Linaiokoa kampuni iliyokwisha kupokea ada kwa kazi hiyo hiyo. Na ajali isipofikishwa polisi, pasiwe na fomu ya matibabu wala ripoti, hata akibadili shauri baadaye atakuwa hana la kushika mkononi.

Wako wanaoitilia shaka bima kama biashara, na mjadala huo una mahali pake. Lakini wazo la kugawana mzigo wa bahati mbaya si geni katika Uislamu. Diya ya kuua bila kukusudia hubebwa na aqila, yaani jamaa za mkosaji kwa pamoja, ili asielemewe mmoja na asipotee mwenye haki. Imepokewa kwamba Hadhrat Umar (r.a.), alipopanga madaftari ya askari, aliwaweka walioandikwa daftari moja wabebane katika jambo hilo. New Zealand nayo, tangu mwaka 1974, iliweka mfuko wa umma unaomlipa kila aliyeumia kwa ajali bila kuuliza kwanza ni nani mwenye kosa, na wananchi wakaacha haki ya kushtakiana kwa majeraha hayo. Njia ni nyingi, lakini nia ni moja: aliyeumia asiachwe peke yake.

Hata hivyo haki ya kudai ina adabu yake, na anayedai naye ataulizwa. Wapo wanaochechemea mbele ya daktari na kukimbia wakifika nyumbani. Wapo wanaotafuta shahidi ambaye siku ile alikuwa shambani kwake. Mtume Mtukufu s.a.w. ametuonya kwamba huenda mmoja wa wagombanao akawa fasaha zaidi wa hoja, akahukumiwa haki ya ndugu yake. Naye ajue kwamba alichopewa ni kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi dhuluma, vipi itaihalalisha hundi ya bima?

Vile vile majeruhi akiri sehemu yake ya kosa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pemba, wamesema juu ya wapanda farasi wawili waliogongana wakafa kwamba kila upande hulipa nusu ya diya ya mwenzake, kwa kuwa kila mmoja amekufa kwa tendo lake na tendo la mwenziwe. Basi aliyevuka njia bila kutazama asidai kana kwamba alikuwa amelala kitandani mwake. Kurani Tukufu imetuamuru tuwe mashahidi wa kweli hata kama ni dhidi ya nafsi zetu.

Nini basi kifanywe? Hatusemi mabaraza yavunjwe, wala hatusemi kila ajali ifike mahakamani. Mahakama za Kadhi za Zanzibar zimewekewa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Madai ya ajali huenda mahakama za kawaida, na njia hiyo yaweza kuwa ndefu na ya gharama. Suluhu ya wazee yaweza kuwa bora kuliko kesi, ikiwa itakuwa ya haki. Kwanza, ajali iandikwe polisi kabla ya maneno yote, ili ukweli usipotee. Pili, suluhu isifungwe mpaka daktari aseme jeraha litaishia wapi. Tatu, aulizwe mwenye jeraha mwenyewe, mwanamume au mwanamke, akiwa ameelezwa anachostahiki, na aachiwe nafasi ya kusema hapana bila kuonekana mbaya. Baada ya hapo, akisamehe, na tuseme kwa furaha kwamba amesamehe.

Ndugu msomaji, huenda kesho ukawa wewe ndiye mzee unayeitwa kusuluhisha. Kabla hujasema kwamba yaliyopita si ndwele, inua pazia kwanza, umtazame aliyekaa nyuma yake. Mwulize anaendeleaje na mguu wake, na ni nani aendaye mwanini siku hizi. Kisha ndipo uzungumzie msamaha.

Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa, awape madereva wetu tahadhari, na atuwezeshe kutekeleza haki za waja Wake bila kuzipunguza wala kuzizidisha. Amin.