Stabilaiza ya Gari na Masharti ya Yakini

Stabilaiza ya gari ni kisanduku kidogo kinachofungwa kando ya betri kwa nyaya mbili, mmoja kwenye chanya na mwingine kwenye hasi. Ndani yake mna kapasita kadhaa na fyuzi, na mara nyingi juu yake pana kioo chenye tarakimu zinazong'aa kuonyesha volti. Miongoni mwa vilivyojulikana mapema ni Raizin ya kampuni ya Pivot ya Japani. Siku hizi vya bei nafuu kutoka China huagizwa kwa simu na kufika popote. Wauzaji hudai kwamba taa zitawaka kwa nguvu zaidi, starta itazunguka kwa wepesi, muziki utasafika, injini itakuwa nyepesi na mafuta yatapungua kuliwa. Fundi huuliza kama madai hayo ni kweli. Mwanafalsafa na mwanafikihi wana swali linalotangulia hilo: ni ushahidi gani unaompa mtu haki ya kusema kuwa ni kweli, na anayeuza bila ushahidi huo ana hukumu gani?

Mwenye gari wa kisiwa cha Funzi, kaunti ya Kwale katika pwani ya Kenya, ana sababu ya kukiamini kisanduku hicho, wala si ujinga. Gari lake huishia Bodo upande wa bara, mwenyewe akapanda boti kuvuka kwenda kisiwani, nalo likabaki juani penye upepo wa chumvi hata siku kadhaa. Betri iliyochoka haivumilii hali hiyo. Nyumbani, kama anatumia umeme wa jua, amekwisha kuona kazi ya kidhibiti kwa macho yake: paneli iitwayo ya volti 12 hutoa karibu volti 18 inapofanya kazi kwa nguvu zote, na hupita 20 isipounganishwa na kitu, kwa hiyo betri inayofungwa moja kwa moja huchemka na kukauka maji. Akivuka bara, anakuta wenye friji Msambweni na Ukunda wameweka stabilaiza ukutani, kwa sababu umeme wa gridi, ambao ungepaswa kuwa volti 240, hupanda na kushuka. Vifaa vyote viwili vinafanya kazi kweli. Akiuziwa cha gari, akili humwambia kwamba hiki ni ndugu wa vile.

Huo ni ukisiaji wa kulinganisha, yaani qiyasi, na elimu ya usuli wa fikihi imeuchambua kwa makini kuliko elimu nyingine nyingi. Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820, ambaye aliipa qiyasi nafasi yake miongoni mwa vyanzo vya hukumu na pia akaifunga kwa masharti. Wanazuoni wa usuli wanataja nguzo nne: jambo la asili lenye hukumu inayojulikana, jambo jipya linalotafutiwa hukumu, hukumu yenyewe, na illa, yaani sababu iliyoileta hukumu katika lile la asili. Illa isipopatikana katika jambo jipya, qiyasi imeanguka hata kama mambo hayo mawili yanafanana kwa sura na kwa jina. Paneli ya jua inahitaji kidhibiti kwa sababu volti yake haina mwenye kuizuia. Friji inahitaji stabilaiza kwa sababu gridi iko mbali na haisikilizi nyumba ya mtu mmoja. Gari halina illa hiyo, kwa kuwa limeundwa likiwa na kidhibiti chake.

Injini ikizunguka, alteneta ndiyo inayolisha gari. Ndani yake mna regyuleta inayopima volti na kupunguza au kuongeza mkondo wa sumaku, ili volti ibaki kati ya 13.8 na 14.5 hivi, dereva awashe taa au azime. Mawimbi madogo yanayobaki baada ya dayodi kuunyoosha umeme humezwa na betri yenyewe. Kompyuta ya injini nayo haiutumii umeme huo kama ulivyo: huushusha hadi volti 5 kwa ajili ya sensa zake, na hupima volti ya betri kila wakati ili irefushe au ifupishe muda wa kulisha koili ya plagi na muda wa kufungua injekta. Tofauti ya sehemu ndogo ya volti, ambayo kisanduku hudai kuirekebisha, imekwisha kuhesabiwa kabla kisanduku hakijanunuliwa.

Inabaki hoja ya akiba: kapasita huhifadhi umeme na kuutoa upesi pale unapohitajika. Hapa hesabu hutosha. Kapasita zenye jumla ya maikrofaradi 10,000, kiasi cha kawaida kwa visanduku hivi, zikijazwa kwa volti 14 hubeba karibu jouli 1. Balbu moja ya taa ya mbele ya wati 55 huimaliza jouli hiyo kabla sehemu ya hamsini ya sekunde haijapita. Starta ya gari dogo hula wati elfu moja au zaidi, na kwake jouli moja hudumu sehemu ya elfu moja ya sekunde. Betri ya ampia-saa 45 iliyo kando yake hubeba takriban jouli 1,900,000. Wala jouli moja yenyewe haipatikani yote, maana kapasita haitoi kitu mpaka volti ishuke. Ikishuka kutoka 14 hadi 12, kilichotoka ni robo tu.

Pamoja na hayo, wapo madereva wakweli, wasiolipwa na mtu, wanaosema gari lilibadilika. Mjadala mwingi huishia kwa upande mmoja kumwita mwenzake mwongo, jambo ambalo si la haki na halitatui kitu. Dereva hasemi uongo kuhusu alichohisi. Anachokosea ni kukitaja chanzo.

Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyeishi kati ya 980 na 1037, alilikabili tatizo hilihili katika tiba. Kwake tajriba ilikuwa njia halali ya kufikia yakini, lakini si kila tukio lilikuwa tajriba. Katika kitabu cha pili cha Al-Qanun, maandishi yake ya tiba, aliweka masharti saba ya kuijua dawa kwa majaribio. Miongoni mwake ni haya: dawa isiwe na sifa ya kuazima, kama joto la kutiwa na moto. Ijaribiwe kwa mgonjwa mwenye ugonjwa mmoja, si magonjwa yaliyochanganyika. Wakati wa athari kutokea uangaliwe. Athari irudie daima au mara nyingi, la sivyo ilikuwa bahati. Kwa masharti hayo ndipo dawa huwa mujarabu.

Stabilaiza ikipimwa kwa masharti hayo haifiki mbali. Siku ya kuifunga, fundi hulegeza vichwa vya betri, huvikwangua ule unga mweupe na kijani, kisha huvikaza upya. Kwa gari linalolala Bodo, kukwangua huko peke yake kwaweza kuifanya starta izunguke kama mpya. Zaidi ya hayo, betri ikifunguliwa, kompyuta ya injini katika magari mengi husahau marekebisho iliyojifunza na kuanza kujifunza tena, hivyo mngurumo na mwitikio wa injini hubadilika kwa siku chache, kisanduku kiwepo kisiwepo. Pengine siku hiyohiyo gari limebadilishwa plagi au mafuta ya injini. Huu ndio ugonjwa uliochanganyika: dawa nne zimenywewa kwa pamoja na sifa zote zikapewa moja, ile iliyogharimu pesa na inayong'aa chini ya boneti. Mwenye kupima matumizi ya petroli kwa shilingi anajipoteza zaidi, kwa kuwa EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi.

Jaribio lenye kukubalika si gumu. Taa na feni viwashwe, injini iachwe ikinguruma polepole, volti ipimwe kwenye soketi ya taa kisanduku kikiwa kimefungwa, kisha kikiwa kimetolewa, mara kadhaa, na anayesoma mita asiambiwe ni zamu ipi. Kwa mafuta, tangi lijazwe hadi pomoni, gari liende na kurudi barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, lijazwe tena pampu ileile, na safari zirudiwe dereva asijue kilichomo. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imepima vifaa zaidi ya 100 vya kila aina vilivyodaiwa kupunguza ulaji wa mafuta. Vilivyoonyesha nafuu vilikuwa vichache sana, na nafuu yenyewe ilikuwa ndogo.

Huenda akatokea wa kusema kwamba Mungu hutia athari apendapo, na mita si mpaka wa uwezo Wake. Hoja hii huheshimiwa pwani, nayo ina mzazi mkubwa: Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Tahafut al-Falasifa alikana kwamba moto huunguza pamba kwa ulazima wa tabia yake. Lakini Al-Ghazali hakukana ada, yaani mpangilio ambao Mungu ameujaalia ujirudie na ambao watu wanautegemea wanapokula, wanapotibiwa na wanapouziana. Muuzaji wa stabilaiza hauzi muujiza. Anauza ada: ukifunga hiki, hutokea kile. Ada hujulikana kwa kurudia na kupima. Mwenye kubandika Ayatul Kursiyyu kwenye kioo cha gari anaomba ulinzi na hadai volti yoyote. Aliyedai volti amejipeleka mwenyewe mbele ya mita.

Haki ya kisanduku isipunjwe pia. Magari mengi ya Kwale yamekuja yakiwa yametumika Japani, na Kenya huruhusu kuingiza yasiyozidi umri wa miaka 8. Hewa ya bahari huendelea kuyala. Waya wa athi, unaorudisha umeme kutoka injini na bodi hadi hasi ya betri, hushika kutu kwenye maungio. Vifaa vingine huuzwa pamoja na nyaya mpya za athi, na hizo zaweza kuleta nafuu ya kweli: taa zilizofifia zikang'aa, gia ya otomatiki ikatulia. Kapasita nayo hupunguza mlio wa alteneta unaoingia kwenye redio ya zamani. Na kioo cha volti kina faida kubwa kuliko kapasita zilizo chini yake, kwani kikionyesha 12.1 injini ikiwa inazunguka, alteneta imekufa na ni afadhali dereva ajue kabla ya giza. Hata hivyo ugonjwa wa kutu una kipimo chake: mita iwekwe kati ya hasi ya betri na chuma cha injini starta ikizungushwa, na ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya ubadilishwe. Hiyo ni kazi ya fundi na kipande cha waya mnene. Kwa matatu yenye spika kubwa na taa za rangi, dawa ni alteneta kubwa zaidi.

Hukumu ya mauzo hufuata hapo. Fikihi ya Shafi, ambayo Minhaj cha Imamu Nawawi ni mojawapo ya vitabu vyake vilivyotegemewa na makadhi wa Afrika Mashariki, inajua tendo la tasriya: kumfunga mnyama chuchu siku kadhaa asikamuliwe, ili mnunuzi aone kiwele kimejaa na kudhani ana maziwa mengi. Mnunuzi akigundua ana hiari ya kurudisha. Vivyo hivyo bidhaa iliyoshartiwa sifa fulani ikakosekana. Tarakimu zinazong'aa juu ya stabilaiza zinakaribia tasriya: 14.2 inayosomeka ni ya alteneta, nayo ilikuwapo jana.

Mgumu zaidi ni muuzaji anayeamini. Hakufunga chuchu, naye mwenyewe amekifunga kisanduku garini mwake. Hadanganyi, ila anasema jambo asilolijua kana kwamba analijua, na aya ya 36 ya Sura ya Al-Israa inaonya juu ya kufuata jambo lisilo na ujuzi, ikitaja kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Mahakamani Kenya, kesi yake haitamfikia kadhi, ambaye kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimemwachia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Itaamuliwa chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lakini mbele ya dhamiri anaweza kuuza bila hatia akikiuza kwa sifa alizozithibitisha: mita ya volti, kapasita chache na nyaya mbili, kwa bei ya vitu hivyo.