Mbiu Iliyoishia Kwenye Simu Yangu



Leo nawasimulia dhambi ambayo nilishaiungama kwa padri, ili nanyi msiirudie.

Nilikuwa Goziba, kile kisiwa cha Muleba kilicho mbali ndani ya Ziwa Victoria, nikimsaidia mjomba kambini. Jioni moja meseji ikaingia: Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa ziwani. Nikaisoma. Nje, mjomba na vijana wake walikuwa wanapakia nyavu na taa za dagaa. Nikawaza, wataniona mwoga. Halafu hawa ni watu wa maji, wanajua kuliko mimi. Nikanyamaza.

“Safari njema, mjomba.”

“Haya mjomba, tuombee.”

Kwenye saa tisa usiku mabati yakaanza kugonga. Nikashika rozari, nikasali huku natetemeka. Walirudi jua limeshatoka, wote hai, lakini nyavu walizikata na taa zilienda na maji. Mjomba akanishika bega: “Sala zako zimetuokoa.” Nilishindwa kumwangalia usoni.

Je, nilikosa nini? Sikumdanganya mtu. Lakini kila Misa, tunapoungama, tunataja pia kutotimiza wajibu. Nabii Ezekieli, sura ya 33, anasema mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake. Mlinzi wa usiku ule nilikuwa mimi, maana meseji ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwomba Mungu afanye kwa muujiza jambo ambalo mimi ningelifanya kwa sentensi moja.

Utauliza: na kama dhoruba isingekuja, si wangepoteza kipato cha usiku mzima? Niliwaza hivyo pia. Baada ya wiki nilimwambia mjomba ukweli. Alikaa kimya, kisha akasema, “Siku nyingine niambie. Kwenda au kubaki, hiyo niachie mimi.” Hata mlinzi wa Ezekieli hakuambiwa awalazimishe watu. Aliambiwa apige tarumbeta.

Na apige kwa ukweli. TMA ina ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukiligeuza angalizo kuwa tahadhari kubwa ili usikilizwe, kesho hawatakusikia.

Kwa hiyo, kijana, fanya hivi. Sikiliza utabiri redioni baada ya taarifa ya habari, au fungua kurasa za TMA mtandaoni kabla mitumbwi haijatoka. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto. Ndiyo maana dhoruba nyingi hupiga usiku kuelekea alfajiri, saa zilezile wavuvi wa dagaa wako kazini. Weka simu chaji. Kwenye jumuiya yenu mchague mmoja wa kufuatilia, na mwingine wa kushuka mwaloni kuwaambia wasio na simu wala bando.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Siku hizi inalia mfukoni mwako. Leo kuna nani nyumbani kwenu anayetoka bila kujua unachokijua?

Ee Bwana uliyeituliza dhoruba, tufungue midomo kabla haijaanza. Amina.