Utulivu wa Nani?

Mwezi uliopita kikoba chetu hapa Ngara kilikaa kuchagua mahali pa kupumzikia mwisho wa mwaka. Wengi walitaka kisiwa: ufukwe, vijiji vya kutembelea, siku za polepole. Ukerewe ikatajwa. Mwenzetu mmoja akadakia: "Twendeni huko, wale watu hawana haraka na maisha. Mchana kutwa wamelala." Kikao kikacheka. Mimi neno lile limenikaa kooni hadi leo.

Kupumzika ni kuacha kazi ili mwili na akili virudi. Maana hiyo naikubali. Anayesema mgeni huleta fedha asema kweli, na aliyechoka ana haki ya kwenda atakako. Ugomvi wangu ni hilo la "hawana haraka".

Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hufanya kazi usiku, tena usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali taa zake hazivuti dagaa. Jioni anasukuma mtumbwi, anawasha taa juu ya maji, anasubiri wakusanyike, kisha ni kuvuta nyavu hadi alfajiri. Kukipambazuka wanawake wanapokea mzigo mwaloni na kuutandaza mchangani au kwenye chanja. Wingu likitanda ni mbio za kuanua, maana dagaa walionyeshewa huoza, na wakinusurika huishia kuwa chakula cha kuku. Saa nne mgeni anatoka na kikombe chake cha chai, anamkuta kijana amejilaza kivulini mwa mtumbwi, anasema utulivu ulioje! Muuguzi akitoka zamu ya usiku akalala mchana, nani humwita mtu asiye na haraka?

Nikayasema hayo kikaoni. Nikajibiwa kwamba mwenzetu alisifu, hakutukana. Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Sifa ya namna hiyo humnyang'anya mtu haki ya kuchoka. Akidai gati au kivuko salama, ataulizwa anadai nini na maisha yake ni raha tupu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, jirani na Ukerewe, wakafa watu zaidi ya 220. Ilikuwa siku ya gulio. Wengi walikuwa na mizigo yao, wanawahi nyumbani. Nani atasimama mbele ya makaburi yale aseme hawakuwa na haraka? Hata sisi, dereva wa lori la kwenda mpakani Rusumo akipita mchana akaona wanaume wamekaa migombani, ataondoka na habari gani za Ngara?

Kila nikiitaja Ukerewe namkumbuka mwandishi wa huko, Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Riwaya ile ya Myombekere na Bugonoka imejaa kazi: kulima, kuvua, kupika pombe, kutafuta dawa ya utasa. Miaka 35 ya kungoja haikuwa polepole ya Mkerewe. Yeye kazi yake alikwisha kuimaliza.

Anayetaka ukimya mtupu anayo Rubondo, kisiwa kingine cha ziwa hilohilo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Haina vijiji: wavuvi waliokuwa wakiishi humo walihamishwa miaka ya 1960. Ni kisiwa kizuri sana, na uzuri huo hunisumbua. Je, pumziko lisilomgusa mtu yeyote lipo, au kila ufukwe mtulivu una aliyeondolewa au aliyekesha? Nimeligeuza swali hili usiku mwingi na sijapata jibu la kunitosha.

Kikao kijacho nitapigia kura Ukerewe. Nanyi mtakaokwenda, mkimkuta kijana amelala mwaloni mchana, msimpige picha. Akiamka, muulizeni alirudi saa ngapi, kisha nunueni dagaa wake kwa bei anayoitaja.